Kazi ya Muigai Imefika

Mwalimu Sifuna aliigeuza kompyuta ili Waringa ajionee.

"Kijana wako huyu hapa, mama. Muigai. Kazi ya leo asubuhi imefika. Ya jana pia. Grupu yao haina shida."

Waringa alisogeza uso karibu na kioo. Maandishi yenyewe hakuyaelewa, mabano na nukta tupu. Jina la mwanawe alilielewa. Lilikuwa limejipanga kutoka juu hadi chini, kila mstari na siku yake.

"Na simu yake mbona haishiki?"

"Mlikosana?"

"Kidogo tu."

"Basi ni hiyo. Wakikasirika wanazima. Kazi anafanya, atakupigia."

Walikosana kwa simu, Jumapili alasiri. Muigai alikuwa akimsimulia mamake huku akicheka, kwamba siku hizi anaandika sehemu ya Zuhair na kuituma kwa jina la Zuhair, maana babake Zuhair amelazwa na kijana haondoki hospitalini. "Sisi hubebana, mathe. Si ndiyo grupu?" Waringa hakucheka. Yeye anauza matumbo. Huyatoa vichinjioni Dagoretti kabla hakujapambazuka, ili mtoto huyu asome. Alimwambia huo ni wizi, watafukuzwa wote, na asipoacha atakuja mjini amwambie mwalimu kwa mdomo wake. Muigai akakata simu. Tangu hapo ni yule mwanamke wa mitambo tu anayejibu: mteja hapatikani.

Sasa mwalimu ndiye huyu, wameketi ana kwa ana, na habari ya Zuhair ilikuwa kwenye ulimi. Akaimeza. Aseme, halafu mtoto afukuzwe mwaka wa mwisho?

"Nimwandikie nimwambie umekuja?" Sifuna aliuliza.

"Usimwambie. Atasema namfuata kama mtoto wa nasari."

Kutoka hapo alipitia Riruta, kwenye ploti anakokaa Muigai. Mlango ulikuwa na kufuli. Jirani, msichana anayeitwa Valarie, alikuwa akianika nguo.

"Muigai? Sijamwona, mum. Wiki za projekti huwa wanahamia kwa wenzao. Hata darasani hawaendi. Utakuta wamelalia kompyuta huko kwa Ken."

"Wanakula lakini?"

"Wakikumbuka," Valarie alisema, akacheka.

Moyo wa Waringa haukutulia. Njiani kurudi Kinoo aliingia kituo kimoja cha polisi. Askari wa zamu alimsikiliza, akampigia Sifuna, wakaongea kidogo, akarudisha simu mfukoni.

"Mama, mtu aliyepotea hatumi homwaki. Huyo amepata msichana. Enda nyumbani upike."

Alienda nyumbani na aibu yake. Lakini kila jioni alimwandikia mwalimu, na kila jioni jibu lilikuwa lile lile: imefika. Jioni moja Sifuna aliongeza kwamba Muigai ameandika vizuri kuliko wenzake wote. Waringa akaanza kupata usingizi. Akikasirika, akasirike. Almradi anafanya kazi.

Jumapili iliyofuata mchungaji aliomba kanisa limkumbuke kijana aliyegongwa na gari pale Waiyaki Way, barabara ya kuja Kinoo. Aliokotwa bila kitambulisho wala simu, na mpaka leo hakuna aliyekuja kumuulizia. Waringa alipiga magoti, akamwombea sana mama wa kijana huyo. Huku akiomba alijiuliza ni mama wa namna gani huyo, asiyejua mtoto wake yuko wapi.

Siku ya kuonyesha projekti alivaa rinda la kanisa, akapanga chapati kwenye hotpoti, akaenda mjini. Ngazi alizipanda akirudia maneno kichwani. Ataomba msamaha yeye kwanza. Mambo ya kubebana wataongea baadaye, wakishakula.

Vijana watatu walikuwa wamesimama nje ya mlango, mashati yamepigwa pasi. Msichana ndiye aliyemjongelea.

"Mama Muigai? Mnafanana sana. Mimi ni Ciru."

Kijana mwembamba alimpa mkono, kichwa chini. "Shikamoo, mama. Zuhair." Wa tatu hakusalimia vizuri. Huyo alikuwa Ken, na alikuwa akichungulia ngazi nyuma ya Waringa.

"Kwani Muigai anapanda aje, polepole hivyo?" Ken aliuliza. "Mum, mwambie tunaitwa saa hii. Sehemu yake lazima aielezee mwenyewe. Hapo hatuwezi kumbeba."

"Kumbeba?"

Zuhair alimtupia Ken jicho. Kisha akasema taratibu, "Usimkasirikie, mama. Yeye alinibeba wakati baba alikuwa amelazwa, na sisi tukaona tumbebe. Kazi yake yote tangu mlipokosana tumeiandika sisi, tukaituma kwa jina lake."

Waringa aliweka hotpoti chini, sakafuni.

"Na yeye mwenyewe mlimwona lini?"

Ciru alimtazama Ken, akamtazama Zuhair, akamgeukia mama.

"Si ako kwako? Ile Jumapili jioni alifunga nyumba akatuambia anazima simu, anakuja Kinoo mpatane. Tukasema tusimsumbue, wacha akae na mamake."