Fremu ya Zabroni

Mkunga Tabea aliegemeza baiskeli ukutani mwa karakana, akamwonyesha Fundi Sadoki ufa mdogo chini ya kiti.

"Niliangukia mtaroni nayo. Kosa langu, si la fremu."

Sadoki aligonga bomba la fremu kwa ukucha, likalia kama kengele. Chuma chembamba, kigumu, kazi ya fundi mwenzake, Zabroni wa ng'ambo ya mto. Akaipanda, akazunguka uwanja wenye mawe. Kiuno chake hakikuhisi jiwe hata moja.

"Nyembamba mno hii, mama. Ungenunua niliyounda mimi, haivunjiki."

"Yako, fundi? Niliipanda mara moja tu, nikataka kutafutiwa mkunga mimi!" Tabea alicheka. "Lakini Zabroni ndiye aliyenituma. Anasema macho yake yamepungua nguvu, na kwa kuchomelea hana anayemwamini ila wewe."

Sifa ile ilimuuma Sadoki kuliko tusi.

Akawasha gesi. Kila siku alisali kabla ya kushika moto, ila leo maneno yalikataa kutoka. Alijua kwamba chuma chembamba kikizidishiwa moto hudhoofika bila kuonekana, kisha hukatika njiani, miezi baadaye. Watu wangesema, "Ndizo hizo fremu za Zabroni!"

Bomba likaiva jekundu. Shaba ya kuzibia ikayeyuka, ikaujaza ufa wote. Hapo ndipo moto huondolewa.

"Tayari, fundi?" Tabea aliuliza, akikunja kanga yake apate kupanda.

Wekundu ulianza kugeuka njano, na mkono wa Sadoki ulikuwa bado umeelekeza moto pale pale.