Rimoti Imekufa

Tangu nigombane na mke wangu Vaileth, fundi redio, akahamia kwa dada yake Kawe, nilikuwa natafuta kisingizio cha kumpigia. Leo nikampigia video.

"Rimoti imekufa, mama."

"Betri umezianika juani?"

"Zimekauka kama dagaa."

"Ielekeze kwenye kamera, bonyeza."

Nikabonyeza. Kwa macho sikuona kitu. Ila kwenye simu, kichwani mwa rimoti, kikawaka kidoa cha zambarau, kidogo kama punje ya ulezi. Kumbe kamera inauona mwanga ambao sie hatuuoni.

Vaileth alikitazama, kisha akanitazama mimi.

"Rimoti nzima hiyo, baba. Sema ulichopigia."

Mie na utani wangu wote, nikazidi kukibonyeza kitufe. Kidole hakikubanduka.

"Rudi nyumbani," nikasema.

Akafunika kamera kwa kiganja, ila simu hakukata.