Tangawizi Isiyowasha

Kinyozi hata hakukunja uso. Mkewe alimsugua tangawizi mbichi juu ya baka lililopauka mkononi, akasubiri yowe. Mume akaendelea kunywa chai.

"Haiwashi?"

"Imwashe nani? Ngozi ya kiume hii, mama watoto."

Binti yao alicheka huku akirudi nyuma. Yeye tangawizi ya kuchanganywa na asali ilimtulizia chunusi, lakini siku alipojipaka mbichi alikimbilia bombani akilia.

"Basi baba yako imemkubali," mama alisema, akasugua tena.

Ilibidi imkubali. Wateja walikuwa wameanza kukikwepa kiti chake, na mwenye saluni alishamwambia wazi: baka lisipoisha mwezi huu, kiti anapewa mwingine.

Kesho yake mteja mmoja, kitambaa kikiwa tayari shingoni, alimtania. "Fundi, hilo lisije likawa ukoma!"

"Ukoma wapi? Ugonjwa huuma, bwana. Hili haliniumi hata chembe."

Saluni nzima ikaangua kicheko. Mteja naye akacheka, kisha akahamia kiti cha pili.

Wiki zikapita, baka likabaki palepale. Jioni moja kinyozi aliegemeza mkono kwenye birika la maji ya moto akiwa anasimulia habari za mpira. Aliyepiga kelele ni mkewe.

Asubuhi akamburuta hadi zahanati. Alikuwa na hakika kwamba tangawizi yake ndiyo iliyomharibu mumewe.

"Nilimpaka mimi, sista," alisema kabla hajaulizwa. "Mbichi. Kila siku."

"Ilimwasha?"

"Hata kidogo!"

Muuguzi akaacha kuandika. Hakugomba. Alichukua pamba, akaisokota mpaka ikawa na ncha nyembamba.

"Baba, weka mkono mezani, ufumbe macho. Kila nikikugusa, sema."

Kinyozi akafumba macho. Alisikia feni ikizunguka. Alisikia mkewe, aliyekuwa akiomba Mungu kwa kunong'ona, akinyamaza ghafla. Akangoja. Akaanza kutabasamu.

"Anza basi, sista. Wateja wananisubiri."

"Nimeshamaliza, baba."