Kidonge Kizima

"Bi Verlene, nani amekata vidonge hivi?"

Mfamasia alikuwa amemwaga kwenye kaunta dawa zote zilizokuwa kwenye mfuko wa karatasi ambao Verlene humletea kila vuli azikague. Katikati yake vilikuwa vipande vya dawa ya moyo, kingo zimemomonyoka kama chaki.

"Mimi. Kwa kisu cha siagi," alijibu Verlene kwa ukali, kwani aibu yake ilizoea kujitokeza kwa sura hiyo. "Bei ya Juni ilinitoa jasho. Tangu hapo nakula nusu nusu."

"Ndiyo maana hukurudi?"

"Nirudi unitoe roho?"

Mfamasia alibofya kompyuta, kisha akaigeuza imwelekee. "Malipo yale ya Juni ndiyo yaliyokufikisha kwenye kikomo cha mwaka cha pesa unazotoa mfukoni mwako. Tangu siku ile mpaka Desemba iishe, bima inalipa yote. Wewe hutoi hata senti."

Verlene aliisoma ile sifuri kwenye skrini. Akavua miwani, akaifuta kwa sweta, akaisoma tena.

"Miezi minne nakwaruza sahani zangu kwa kisu," akasema, "kumbe!" Akacheka mpaka akashika kaunta asianguke.

Mfamasia alipomaliza kuhakikisha kwa simu na daktari wa Verlene kwamba anaweza kurudia kidonge kizima, Verlene aliomba maji. Kidonge kizima kilitua kiganjani mwake, kikubwa kama kifungo cha koti. Akakitia mdomoni. Koo, lililokwisha kusahau ukubwa wake, lilisita kidogo, kisha likampisha mgeni apite.