Ngozi ya Pampu

Mnunuzi wa vyuma chakavu alishafika mlangoni na mizani yake. Mzee Sudi akamwonyesha majiko ya pampu aliyoyarundika mkewe, Bi Rukia, barazani.

"Mama Nuru, washa moja tu. Likigoma, yote yanaondoka."

Bi Rukia akachagua kongwe kuliko yote, lile ambalo juzi alilikatia ngozi mpya ya pampu, kiduara cha kusukumia hewa. Akapiga pampu, akawasha kiberiti. Jiko likakohoa, likatema moshi, mnunuzi akacheka. Mara likanguruma, moto wa buluu ukasimama.

"Ngozi nzuri hiyo umeipata wapi?" Mzee Sudi akauliza, huku akitafuta viatu amsindikize mgeni.

Bi Rukia akabandika birika.

Mumewe akainua kubadhi lake la Ijumaa. Kwenye soli palikuwa na tundu la mviringo, na kupitia tundu hilo akauona moto wa buluu ukicheza.