Kumbukumbu za Gari la Hamdani

Kwa sheria ya sasa, anayenunua gari lililotumika hukabidhiwa pia maneno yote yaliyowahi kusemwa ndani yake. Kwa hiyo Tunu alilipita gari jipya la kifahari, akachagua lililokuwa la Hamdani, mume aliyemwacha kwa ujumbe wa simu.

"Jipya lina mbio zaidi, dada," muuzaji alimsihi.

"Nataka hili hili."

Alijifungia ndani ya gari. "Nipe siri zake. Mkewe mpya atazisikia leo hii."

"Zipo nyingi," gari lilijibu. "Ila kila asubuhi alikuwa akijizoeza maneno ya kukuomba radhi. Alikuwa analia."

Tunu aliwasha injini.

"Hayo yafute," akasema. "Siri ndizo tutakazokwenda nazo kwa mkewe."