Mbwa wa Komanda

Askari watatu wa kizuizi cha Bungulu walisimama wima, wakampigia mbwa saluti. Mbwa hakuwajali. Alikuwa akinusa shina la mkakao.

"Leo mumechelewa kidogo," kaporali alisema kwa heshima.

"Alikuwa anaangalia ndege," Onésime alijibu, akaivuta kamba polepole, akapita.

Ng'ambo ya kizuizi hicho ndiko alikokaa Hadassa, mchumba wake. Mzee Mathe, baba wa msichana na mzee wa kanisa, alikuwa ametoa sharti moja tu: kijana asiyefika kusali na familia kila jioni asijiite mkwe. Ni sharti jepesi wakati wa amani. Lakini vita ilikuwa imeingia Beni, na kijana aliyekamatwa kizuizini alitwikwa mizigo ya jeshi mpaka Manguredjipa. Wawili wa mtaa wake walikuwa wamekwenda. Hawakuwa wamerudi.

Onésime naye alikwisha kukamatwa. Sanduku la risasi lilikuwa tayari kichwani pake alipoona mbwa wa jalalani amemfuata, na ulimi ukamponyoka:

"Sawa, mimi niende. Lakini imbwa ya komanda, nani ataitembeza?"

Sanduku likashushwa. Maana ni askari gani angethubutu kumwuliza komanda wake kama kweli ana mbwa?

Tangu siku hiyo, kila jioni matembezi. Majirani walimcheka.

"Licencié!" Mama Kanyere alipaza sauti kutoka kwenye mihogo yake. "Miaka mitano ya chuo kikuu, juu ya kukokota imbwa?"

"Ni imbwa inanikokota, mama."

Mwanzoni alikwenda polepole kwa kujifanya tu, kwa kuwa mtu wa mbwa hana haraka. Kisha macho yakamfunguka. Mbwa alisimama kila baada ya hatua tatu, naye akasimama, akaona. Aliona mnana akifuma kiota kichwa chini kwenye mchikichi. Aliona ua la mkakao, dogo kama kifungo cha shati, limechipuka kwenye shina tupu. Na mvua ilipokatika, aliona theluji ya Ruwenzori ikichungulia dakika mbili juu ya mabati kabla ya wingu kuirudia.

Kila jioni alimpelekea Hadassa jambo moja.

"Leo umeniletea nini?"

"Mnana dume amejenga nyumba. Jike amekuja, ameikagua, ameikataa. Dume ameibomoa, anaanza upya."

"Basi na wewe ujenge vizuri," alisema Hadassa.

Ijumaa ya wiki ya sita, askari wa kizuizi hawakuwa peke yao. Komanda mwenyewe alikuwapo, na kando yake kolonel mgeni aliyekuja kuchunguza nyama ya kikosi inakopotelea, daftari mkononi. Kurudi nyuma hakukuwezekana. Kaporali alikwisha kupiga saluti yake.

"Hii imbwa ni ya nani?" kolonel aliuliza.

"Ya komanda, mon colonel!" kaporali alijibu kwa fahari.

Onésime aliianza sala ya jioni palepale barabarani, kimoyomoyo.

Komanda alimtazama mbwa. Akamtazama Onésime. Akalitazama lile daftari. Halafu akapiga magoti matopeni, akamkumbatia mbwa shingoni kama ndugu aliyetoka kifungoni.

"Ndio yeye, mon colonel! Ndio yeye anakulaka ile kilo tano ya nyama kila siku!"

Kolonel alizihesabu mbavu za mbwa kwa ncha ya kalamu, moja baada ya nyingine.

"Kilo tano?"

"Anatembeaka sana," alisema komanda, jasho likimtiririka, akamgeukia Onésime kwa sauti ya mtu anayeomba maji. "Mwambie, mwanangu. Mwambie vile anatembeaka."